Dokita wa Mbuzi na Mbu

Kabla hajakuuliza habari za nyumbani, alikuwa ameshakuvuta kope. Ndivyo alivyosalimia. Mkono wake wa kulia ulikuja kama wa mtu anayetaka kukupa mkono, ukaupita wako, ukapanda usoni, kidole gumba kikashusha ngozi chini ya jicho, naye akainama kutazama wekundu uliomo ndani. Akiridhika alisema, "Damu iko." Hapo ndipo ulipojua kwamba mazungumzo yanaweza kuendelea. Aliwafanyia hivyo wachuuzi, polisi wa mpakani na waendesha bodaboda wakiwa bado wamepanda pikipiki zao. Mara moja, kanisani, wakati wa kutakiana amani, alimfanyia katekista. Katekista siku hiyo alikuwa amefunga. Dokita akamwambia mbele ya waumini kwamba rangi ile haimpendezi, aende akale maini.

Tulimwita Dokita, na kila tulipomwita alitusahihisha. "Mimi si dokita. Dokita iko wilayani. Mimi ni msaidizi wa afya ya mifugo." Hata mlevi aliyempigia kelele kutoka ng'ambo ya barabara, "Dokitaaa!" alisimamishiwa pikipiki akapewa maelezo hayo yote, taratibu, mpaka mlevi mwenyewe akaomba msamaha. Mwishowe tukawa tunamwita Dokita Asiye Dokita, naye akaona hiyo ni afadhali.

Mimi naitwa Biira. Mume wangu Kule na mimi tulikuwa na bucha hapa Bwera, kwenye barabara inayokwenda mpakani, na kwa miaka mingi mtu huyu alikuja machinjioni kila asubuhi kukagua nyama kabla hatujaitundika. Kwa hiyo haya ninayosema niliyaona mwenyewe, isipokuwa machache ambayo Maman Kahindo alinisimulia. Maman Kahindo ni mfanyabiashara kutoka Beni, ng'ambo ya mpaka, aliyenunua mbuzi hapa kila siku ya soko, na yeye hupenda kuongeza chumvi.

Ukaguzi wake wa nyama ulikuwa na sifa moja: haukuisha. Aligeuza ini, akalikata, akalinusa, akaligeuza tena. Alipenda sana nyama choma ya mbuzi, pengine kuliko mtu yeyote Bwera, lakini hata mishikaki aliyonunua mwenyewe kwenye moto wa mtu aliitenganisha kipande kwa kipande, akitazama, mpaka ikapoa. Kisha alilalamika kwamba siku hizi hawa watu wanauza nyama baridi.

Lakini nyama ilikuwa nusu tu ya kazi yake. Nusu ya pili ndiyo iliyotuchekesha. Alikuwa anatafuta homa ambazo bado hazijafika.

Alitueleza mara nyingi, na nadhani nilimwelewa mara ya tatu. Kuna virusi vinavyosafiri ndani ya mbu na kupe. Vinaingia kwa mbuzi, kwa ng'ombe, na siku nyingine kwa mtu. Ukingoja watu waugue ndipo uanze kuvitafuta, umechelewa. Kwa hiyo alichukua damu ya mbuzi wazima ambao hawakuwa na shida yoyote. Alikamata mbu. Alikwenda hospitalini kuwauliza wauguzi ni nani mwenye homa ambayo si malaria, na akimpata mgonjwa huyo, hakumuuliza kichwa kinauma tangu lini. Alimuuliza, "Mbuzi yako iko namna gani?" Mama mmoja aliyelala na homa kali alimwambia mumewe amfukuze yule mchumba wa mbuzi.

"Mutu, munyama, mbu," Dokita alikuwa akisema, akikunja vidole vitatu. "Hawa ni majirani. Mmoja akikohoa, waulize wale wawili."

Damu na mbu aliwaweka kwenye sanduku la barafu, la buluu, alilolifunga nyuma ya pikipiki yake. Sanduku hilo liliwahadaa watoto wa shule zote kuanzia Bwera hadi Kitswamba. Walimkimbilia wakiimba, "Aisikrimu! Aisikrimu!" Siku moja alichoka, akasimama, akafungua kifuniko, akawaonyesha chupa ndogo za damu ya mbuzi zilizopangwa juu ya barafu. Alidhani amelimaliza jambo. Kesho yake walikuwa wanaimba, "Aisikrimu ya damu!" na wale wadogo kabisa walitaka kujua ni ladha gani.

Vifurushi vyake vilikwenda maabara Entebbe, na baada ya majuma majibu yalirudi: hakuna kitu. Miaka nenda, miaka rudi, hakuna kitu. Mtu mwingine angekata tamaa. Yeye alikuja machinjioni ameshika karatasi juu kama mtoto aliyefaulu mtihani. "Hakuna kitu!" alitangaza. "Kitswamba, hakuna kitu! Bwera, hakuna kitu!"

Kule akamuuliza, huku ananoa kisu, "Sasa Dokita, serikali inakulipa utafute kitu ambayo haiko?"

"Ndiyo."

"Na siku utaipata?"

"Siku hiyo mtanichukia."

Tulicheka sana, na yeye alicheka pamoja nasi.

Mitego yake ya mbu nayo ilileta maneno. Ilikuwa taa ndogo, feni ndogo ya betri chini yake, na chini kabisa mfuko wa chandarua kama soksi. Jioni aliitundika karibu na mazizi ya mbuzi na kwenye migomba, asubuhi akapita kuikusanya. Mbu wanafuata taa, feni inawanyonya, wanakwama ndani ya soksi. Lakini mtu anayeona taa ndogo ikining'inia kwenye migomba ya jirani yake, na asikie inanguruma, hafikirii mbu. Wengine walisema kile ni chombo cha kuita radi. Wengine walisema ndicho kinacholeta mbu. Wazee wa mtaa wakamwita kwenye kikao ajieleze. Alikuja na mtego, soksi imejaa, na miwani ya kukuzia, akawaomba wazee watazame mmoja mmoja.

"Huyu mwenye manyoya kwa uso ni dume," aliwaambia. "Dume hana makosa. Anakula maua. Anayekunywa damu ni jike."

Akina mama waliokuwa nyuma wakanguruma. Maman Kahindo, ambaye hakualikwa ila alikuwa anapita, akasimama mlangoni, mikono kiunoni. "Docteur," akasema, "njo maana weye hauna bibi? Unaogopa atakunywa damu yako?"

Kikao kilivunjika kwa vicheko, na mitego ikaruhusiwa. Maman Kahindo hakumwacha. Tangu hapo kila alipomkuta anakusanya soksi zake alimuuliza, "Uko unakamata mbu ya nini? Kwetu Beni mbu beko mingi sana. Kuja, nitakufungia mu mufuko."

Dokita alimjibu kwa heshima kubwa, "Asante, Maman. Lete, lakini uandike wametoka kijiji gani."

Mara moja mtu aliiba betri ya mtego. Dokita aliomba nafasi ya kutangaza kanisani baada ya misa. Tulitazamia laana. Yeye akasema tu, "Aliyechukua betri, kazi ya mtego sasa ni yake. Akae kwa migomba, akamate mbu kwa mkono, aniletee asubuhi, madume peke yao na majike peke yao." Betri ilirudi siku ya pili mlangoni kwake, na juu yake boga. Boga alilikagua pia.

Kiswahili chake, alisema, alijifunzia kambini, alikotibu mbwa wa jeshi. Kwa hiyo mbuzi wote wa Busongora, eneo letu hili, walipewa amri. "Simama wima! Geuka nyuma! Fungua mudomo!" Alidai mbuzi akiwa na wasiwasi hasikii Lhukonzo, lugha yetu ya nyumbani. Cha ajabu ni kwamba wengi walitii. Ila baada ya sindano kuingia sauti yake ilibadilika, akawa ananong'ona, "Pole, mama. Pole, kidogo tu. Wasingya, mama." Mbuzi alipata pole na asante. Sisi wenye mbuzi hatukupata hata moja. "Wewe! Shika miguu! Usiangalie mimi, angalia mbuzi!" Wachungaji walimwitikia "Ndiyo, afande," kwa kumkejeli, na nadhani hakujua kwamba ni kejeli.

Nyumbani kwake niliingia mara chache. Mtu huyu, aliyetuhubiria chandarua asubuhi na mchana, chandarua chake kilikuwa kimefunika kuku. Nilipomuuliza, aliniambia kwamba yeye mbu wanamjua, lakini kuku bado ni wageni. Kwenye ukuta hakuwa na picha ya mtu. Alikuwa na ramani aliyoichora kwa mkono, kutoka ziwani hadi mlimani, na alama ndogo kila mahali alipowahi kuchukua damu. Nilidhani ni ramani ya makanisa.

Huyo ndiye mtu. Sasa niseme kilichotokea, maana watu wa Bwera wanaposimulia wakafika hapa huwa wanakunja uso, na hawajui yote.

Ulikuja msimu ambao mvua haikujua kuacha. Tambarare za Kitswamba zikashika maji, mashamba ya pamba yakawa madimbwi, na soksi za Dokita, ambazo kwa kawaida zilikuwa na mbu wa kujaza kijiko, zikatoka nyeusi tii. Akaacha mzaha. Kisha akapata habari kwamba mbuzi wa huko wanaharibu mimba, si mmoja, si wawili, zizi baada ya zizi. Alikwenda, akachukua damu, akaituma Entebbe siku hiyohiyo. Aliporudi alipita buchani, akamwambia Kule, "Nataka kuandikia wakubwa wafunge soko la mbuzi. Kabla ya siku ya soko."

Siku ya soko ilikuwa imebaki siku mbili.

Mtu asiyekaa mpakani hatajua maneno hayo yana uzito gani. Soko la mbuzi likifungwa, bucha inafungwa, wachoma nyama wanazima moto, wabebaji wanakaa chini, na wenzetu wa Beni na Butembo waliokwisha kufunga safari wanarudi mikono mitupu. Sisi tulikuwa na harusi ya Jumamosi iliyoagiza nyama kwetu, familia mbili kubwa, na Kule alikuwa ametoa neno lake. Kule alikasirika, akasema atakwenda kugombana naye. Nikamwambia akae. Mimi nilimfahamu Dokita zaidi. Kwa ugomvi humpati.

Nilipika obundu, ugali wetu wa muhogo, nikapika samaki mkavu kwa karanga, nikafunga kwenye majani ya mgomba, nikaenda kwake alasiri. Alikuwa mezani akitenganisha mbu kwa kibano juu ya barafu. Alinitazama, akautazama mzigo.

"Umeweka nini humo?"

"Samaki na karanga."

"Unataka kunihonga."

"Nataka ule. Dokita, una hakika na hii homa?"

Alimlaza mbu mmoja juu ya barafu. Kisha akasema kweli, kwa sababu hakujua kusema kitu kingine. "Sina majibu. Niko na wasiwasi tu."

"Basi tukae na njaa kwa sababu ya wasiwasi? Umetuambia hakuna kitu miaka yote hii. Labda na hii ni hakuna kitu. Akina Maman Kahindo wako njiani. Ngoja soko hili moja. Majibu yakija, funga hata mwaka mzima, hatutasema neno."

Alikiweka kibano chini. Alinawa mikono kwa muda mrefu, kama daktari wa kweli, akafungua majani, akala. Alikula bila kukagua. Siku zote nilizomjua, ndiyo mara moja tu nilimwona anakula bila kukagua. Alipomaliza akasema, "Soko moja."

Nilirudi nyumbani nikitembea kama mshindi. Nilimwambia Kule, "Amekubali kungoja." Sikumwambia zaidi, wala Kule hakuuliza.

Asubuhi ya soko, mmoja wa mbuzi tuliokuwa tumenunua alianza kuhangaika nyuma ya bucha. Alikuwa anaharibu mimba. Kule alijua kwamba Dokita akimkuta mbuzi huyo atamkataa, na Dokita wakati huo alikuwa sokoni, anavuta kope za mbuzi mmoja mmoja, amepigwa na jua. Basi Kule alipiga magoti, akamtoa mtoto aliyekufa kwa mikono mitupu, akamzika, kisha akamchinja mama yake harakaharaka. Mimi nilimwaga maji, nikaosha sakafu. Dokita alipofika alikuta nyama safi imetundikwa na sakafu bado imelowa maji. Alilitazama ini kwa muda, akamtazama Kule. Kule akamsemesha habari za mpira. Dokita alipiga muhuri.

Safari hii Entebbe hawakuchukua majuma; majibu yalifika kesho yake. Haikuwa tena hakuna kitu. Ilikuwa homa ya Bonde la Ufa. Soko likafungwa saa hiyohiyo, na Dokita akazunguka na kipaza sauti juu ya pikipiki, akiwaambia watu wasimguse mbuzi aliyeharibu mimba, wasichinje, wasikamue bila kuchemsha. Watu walimtupia maganda ya ndizi. Alikuwa amepata alichokuwa anakitafuta, walisema, sasa afurahi.

Siku ya nne baada ya soko Kule hakuinuka kitandani. Mwili ulikuwa moto, mgongo unamuuma, na macho hayakutaka kabisa mwanga. Nilimpa dawa ya malaria. Dokita, aliposikia kwamba Kule haonekani, alikuja nyumbani mwenyewe. Aliingia, akapiga magoti kando ya kitanda, akashusha kope. Safari hii hakusema kwamba damu iko.

"Kule, ulishika nini?"

Kule akageukia ukuta.

"Kule. Nakuuliza kama dokita."

Hatukuwahi kumsikia akijiita hivyo. Kule akalia. "Mbuzi iliharibu mimba. Siku ya soko. Nilivuta mtoto yake na mikono."

Dokita aliketi chini sakafuni, miguu ameinyoosha, kama mtu aliyeteremshiwa mzigo mzito mapajani. Hakunitazama. Kisha akainuka, akatoka, akafungua kamba za lile sanduku la buluu, akaliacha pale kando ya barabara, sanduku ambalo hakumruhusu mtu yeyote kuligusa. Akamweka Kule katikati kwenye pikipiki, mimi nyuma nikamshikilia, na tukaenda hospitalini, tukapita kila shimo la barabara ile, yeye akisema mbele, "Pole, kidogo tu. Pole."

Kule alilala hospitalini majuma mawili. Dokita alikuja kila siku. Muuguzi mmoja, mwanamke mwenye sauti ya kengele, akamwambia kwamba na yeye amekuwa anashika mbuzi wagonjwa, atoe damu ipimwe. Dokita akakunja mkono wa shati, akaketi wima, akatuambia sote tutazame jinsi mtu mzima anavyotoa damu. Sindano ilipomgusa akaanguka chini pamoja na kiti. Mtu aliyechukua damu za nusu ya mbuzi wa Busongora! Kule, kwenye kitanda chake, macho yamefungwa kitambaa, alisikia kishindo, akauliza nini kimeanguka. Nikamwambia. Akacheka mpaka akakohoa, na nikajua kwamba hatakufa.

Hakufa. Lakini jicho la kushoto lilibaki na ukungu. Daktari wa macho alisema homa ile hufanya hivyo kwa baadhi ya watu. Anaona mtu akija, hajui ni nani mpaka aseme. Kisu cha bucha hakukishika tena.

Kabla Kule hajatoka hospitalini, mkubwa mmoja kutoka wilayani alikuja Bwera kuzungumza na wafanyabiashara kwenye uwanja wa soko. Nilipita pale nikiwa nimebeba chupa ya uji wa mgonjwa, nikasimama. Wale waliokuwa wakiuliza kwa nini soko limefungwa sasa walikuwa na swali lingine, maana habari za Kule zilikuwa zimeenea.

"Ulijua lini?" mtu mmoja akampigia kelele Dokita.

"Nilikuwa na wasiwasi kabla ya siku ya soko."

Uwanja ukalipuka. Maman Kahindo alikuwa mbele, na siku hiyo hakuwa na mzaha. "Ulijua, na ulituacha tununue? Miye nilipeleka zile mbuzi mu nyumba ya batoto yangu! Juu ya nini haukufunga?"

Nilikuwa hatua tatu kutoka kwa Dokita. Niliona jasho kwenye shingo yake. Nilijua kwamba sasa atageuka, atanyoosha kidole, atasema, muulizeni huyu mwenye bucha, muulizeni samaki wake wa karanga.

"Niliamua vibaya," Dokita akasema.

Wakamuuliza tena, na mkubwa naye akamuuliza, ni nani aliyemshauri. Akarudia, "Niliamua mwenyewe. Niliamua vibaya." Mimi nilikuwa nakitazama kifuniko cha chupa ya uji. Nilikikaza, ingawa kilikuwa kimekazwa. Kisha nikaenda zangu hospitalini, nikamnywesha mume wangu uji, na sikumwambia mtu yeyote, siku hiyo wala baadaye.

Haikupita muda Dokita akahamishwa, akapelekwa Kasese mjini kukaa ofisini na makaratasi, mbali na mbuzi. Machinjioni akaja mtu mwingine, mwepesi, aliyepiga muhuri huku akiongea na simu. Tulimkumbuka yule wa kwanza na hatukusema. Sisi tulifunga bucha. Nikaanza biashara ya samaki. Maman Kahindo, ambaye nashukuru Mungu hakuna mtu wake aliyeugua, alirudi soko lilipofunguliwa, na siku moja akaniuliza kwa sauti ya chini, "Na yule docteur ya mbu, iko wapi?" Nikasema sijui. Akasema, "Alikuwa mutu muzuri, unajua. Alisema kweli mbele ya batu." Niliinamisha kichwa, nikaanza kupanga samaki.

Mwaka jana nilikwenda Kahendero, kijiji cha wavuvi kule Ziwa George, kununua ngege. Nimepima samaki wangu, nageuka, nasikia mabishano nyuma ya vibanda.

"Mbuzi yangu iko sawa! Hiyo mbuzi haina shida yoyote!"

"Mzee, ndiyo maana nataka damu yake. Mshike."

"Wewe mtoto, mimi nilifanya hii kazi kabla hujazaliwa!"

"Basi unajua. Mshike."

Nilizunguka kibanda. Alikuwa yeye, amekonda, nywele zimekuwa nyeupe, amevaa gambuti, amesimama mbele ya mbuzi wake sita kama kuku anayekinga vifaranga. Mbele yake alikuwa binti mwenye koti jeupe na sanduku la barafu, sindano mkononi, uso wake hauna mzaha hata kidogo. Binti akaniambia, huku akipumua kwa hasira, kwamba tangu astaafu na kuhamia hapo, katika kijiji kizima huyu ndiye mfugaji msumbufu kupita wote.

Dokita aliniona. Mkono wake ukaja, ukapita wangu, ukapanda usoni. Alitazama kwa muda mrefu, kwa kuwa macho yake mwenyewe sasa hayafiki mbali.

"Damu iko," akasema. "Kule je? Jicho?"

Nilikuwa na jibu tayari, lile ninalowapa watu wote, kwamba anaendelea vizuri. Nikashindwa. "Halioni, Dokita. La kulia linaona."

Akaitikia kwa kichwa. Binti alikuwa anajaza fomu yake juu ya goti, hakutusikiliza. Nikasema haraka, kabla moyo haujarudi nyuma, "Siku ile uwanjani nilikuwa pale. Nilikuwa karibu. Ningesema ni mimi niliyekuomba. Nilisimama tu. Lile kosa lilikuwa langu."

Alinitazama kama alivyokuwa akilitazama ini, akiligeuza upande huu na upande ule.

"Hapana, Biira," akasema. "Kuosha sakafu ile, hilo ni lako. Na kunyamaza, hilo pia ni lako, kaa nalo. Lakini soko lilikuwa langu. Watu wengi waliniomba vitu miaka ile, na kuomba si kosa. Mimi ndiye niliyekuwa na kazi ya kukataa." Kisha akaongeza, bila kutabasamu, "Ingawa yale mapishi, sijala tena kitu kama kile."

Sikujua kama nicheke au nilie, nikafanya vyote viwili, na sikufanya vizuri hata kimoja.

"Mzee!" binti akaita. "Barafu inayeyuka!"

Dokita akashusha pumzi, akainama, akamshika mbuzi wa kwanza shingoni. Mbuzi akarusha miguu. Nikaweka ndoo yangu ya samaki chini, nikapiga magoti kwenye matope, nikashika miguu ya nyuma.

"Usiangalie mimi," akaniambia. "Angalia mbuzi."

Tukamshika hivyo, yeye mbele, mimi nyuma, mpaka chupa ikajaa, kisha tukamwachia, tukamvuta wa pili.